Historia ya Istilahi za Uoksidishaji na Tatizo la "Viondoa Sumu"

Mfasiri wa kijitabu cha afya anapolikuta neno antioksidanti, aghalabu hana muda wa kutosha wa kulichunguza. Hulitazama, hukumbuka alivyolisikia likitajwa katika matangazo, kisha huandika "viondoa sumu". Neno hilo limeenea. Tunaliona kwenye chupa za maji ya matunda, tunalisikia redioni, na walimu wengine huliandika ubaoni bila wasiwasi. Kwa umbo lake ni neno zuri: lina ngeli yake, lina kitenzi chake, na kila msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kufafanuliwa. Kasoro yake ni moja tu, lakini ni nzito. Linasema jambo ambalo kitu chenyewe hakilifanyi.

Hapa si suala la ufasaha peke yake. Mkulima akimeza dawa ya magugu kwa bahati mbaya, na jirani yake amefundishwa kwamba machungwa na mboga za majani "huondoa sumu", huenda saa za kumwokoa zikapotea jikoni badala ya kutumika njiani kwenda hospitali. Neno lililopita mikononi mwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali limekwisha kuwa ushauri wa uganga. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya istilahi za uoksidishaji, namna zilivyozaliwa, zilivyohama kutoka fani moja hadi nyingine, na zilivyokosea njiani. Baada ya hapo tutatoa mapendekezo yetu.

Jina lililokosea tangu mwanzo

Mwaka 1774 Joseph Priestley, Mwingereza, alipata kwa majaribio hewa iliyofanya mshumaa uwake kwa nguvu kuliko kawaida. Scheele wa Sweden alikuwa amekwisha kuipata hewa hiyohiyo miaka michache kabla. Lakini aliyeipa jina linalotumika hadi leo ni Mfaransa, Antoine Lavoisier. Yeye aliamini kwamba hewa hiyo ndiyo inayofanya tindikali zote ziwe tindikali. Kwa hiyo aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya uchachu na jingine lenye maana ya kuzaa, akapata "oxygène", yaani mzaa tindikali.

Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake watatu, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, walichapisha mjini Paris kitabu cha utaratibu wa majina ya kemia. Kazi yao haikuwa tofauti sana na ile ya kamati ya istilahi. Waliyaacha majina ya zamani kama "mafuta ya vitrioli", ambayo hayakueleza kitu kimeundwa kwa nini, wakaweka mahali pake majina kama "tindikali ya sulfuri". Mpango wao ulifaa, na kwa sehemu kubwa unatumika hata sasa. Hata hivyo, ndani ya mpango huo mzuri mlikuwa na kosa. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba klorini ni elementi isiyokuwa na oksijeni ndani yake, na ikadhihirika kuwa tindikali yake kali haina oksijeni hata kidogo. Mzaa tindikali, kumbe, hakuwazaa watoto wote aliohesabiwa.

Hapa pana funzo kwa watu wa lugha. Wajerumani waliifasiri maana ya jina hilo, wakapata "Sauerstoff", yaani kitu cha uchachu. Kwa hiyo kosa la Lavoisier limo katika lugha yao mpaka leo, na kila mtoto wa shule hulisoma. Sisi tulikopa sauti tu, tukasema "oksijeni". Kwa Kiswahili neno hilo halina maana nyingine zaidi ya kitu chenyewe, na kwa sababu hiyo halimdanganyi mtu. Wapo wanaoona kuwa kufasiri maana siku zote ni bora kuliko kukopa. Historia ya neno hili yatosha kuonyesha kwamba mambo si hivyo nyakati zote.

Kutokana na oksijeni likaja jina la tendo, uoksidishaji. Mwanzo lilikuwa na maana ya kitu kuungana na oksijeni: kuni zinapoungua, chuma kinaposhika kutu, mafuta yanapochacha, ndizi iliyomenywa inapogeuka rangi. Baadaye wanakemia walitambua kwamba kiini cha tendo hilo ni kitu kunyang'anywa elektroni. Maana ikapanuka, jina likabaki lilelile. Leo kitu huweza kuoksidishwa hata pale ambapo oksijeni haipo.

Radikali: mzizi uliopata uhuru

Katika kitabu hichohicho cha 1787 ndimo lilimopata nafasi yake neno "radikali". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mzizi. Guyton de Morveau alilitumia kwa ile sehemu ya tindikali inayobaki ukiondoa oksijeni, yaani mzizi unaoshikiliwa. Kwa zaidi ya karne moja wanakemia walibishana kama mzizi huo waweza kukaa peke yake, bila kuungana na kitu. Mwaka 1900 Moses Gomberg, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alitoa ushahidi kwamba waweza. Tangu hapo ikasemwa "radikali huru".

Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyokuwa na mwenzake. Kwa kuwa elektroni hupenda kukaa mbilimbili, radikali hiyo huinyang'anya molekuli ya jirani elektroni moja. Jirani naye hubaki na upungufu, akamnyang'anya mwingine, na mnyororo ukaendelea. Tunapenda kuwatahadharisha wafasiri juu ya neno hili. Kwa kuwa watu wa siasa nao hutumia neno la asili hiyohiyo kwa wenye msimamo mkali, si ajabu kuona "radikali" ya kemia ikifasiriwa kwa maneno ya itikadi. Msomaji akiambiwa kwamba ndani ya ini lake mna wenye itikadi kali, atacheka, lakini hatakuwa amefundishwa lolote.

Kutoka vita na viwanda hadi jikoni

Wengi hudhani kwamba antioksidanti ni neno lililozaliwa hospitalini au jikoni. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Wafaransa wawili, Charles Moureu na Charles Dufraisse, walishughulikia akroleini, kemikali kali iliyotumika kama silaha. Kemikali hiyo iliharibika upesi kwa kuguswa na hewa. Wakagundua kwamba kiasi kidogo sana cha fenoli, vitu ambavyo mimea ina aina nyingi za jamii yake, chaweza kuuzuia uharibifu huo. Mwaka 1922 walitangaza jina jipya la vizuizi hivyo: "antioxygènes". Waliohitaji vitu hivyo walikuwa wenye viwanda vya mpira, ili mpira usipasuke kwa uzee, na wenye mafuta ya kula, ili mafuta yasichache ghalani. Katika maana hiyo ya kwanza neno halikuahidi afya kwa mtu yeyote. Liliahidi kwamba bidhaa itakaa.

Safari yake kuelekea mwilini ilipitia jani la saladi. Mwaka 1922 huohuo, Herbert Evans na Katharine Bishop huko California waliona kwamba panya waliolishwa chakula fulani kilichosafishwa walishika mimba lakini hawakuzaa. Walipoongezewa majani ya saladi walizaa. Kitu hicho kikaitwa vitamini E, na mwaka 1936, kilipotengwa kutoka katika mafuta ya kiini cha ngano, kikapewa jina la tokoferoli, kwa Kigiriki chenye kuleta uzazi. Wakati huohuo, mwaka 1931, Olcott na Mattill wa Chuo Kikuu cha Iowa walikuwa wakichunguza kitu ndani ya saladi hiyohiyo kinachozuia mafuta kuchacha. Polepole ikaeleweka kwamba njia hizo mbili zinakutana: kizuizi cha mafuta ndani ya chupa na vitamini ndani ya mwili vyaweza kuwa kitu kimoja, kwa sababu utando wa seli nao umejengwa kwa mafuta.

Machungwa ya Malindi

Vitamini C nayo ina historia inayogusa pwani yetu. Mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi mingi bila matunda walipatwa na kiseyeye: fizi zilivimba na kutoka damu, vidonda vya zamani vilifunguka, na wengi walikufa. Vasco da Gama aliporudi kutoka Bara Hindi alichukua takriban miezi mitatu kuvuka bahari, akapoteza watu 30 kwa ugonjwa huo. Alipofika Malindi mwezi Januari 1499, wagonjwa wake waliyatamani sana machungwa, naye akatuma mtu pwani kuyatafuta. Machungwa yaliletwa. Hata hivyo, mwandishi wa safari hiyo aliweka wazi kwamba hayakuwafaa sana wagonjwa, na wengi wao walifia hapo. Walikuwa wamekwisha kuchelewa. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwajaribu mabaharia 12 wenye kiseyeye kwa dawa mbalimbali, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Kitu chenyewe kilitengwa na Albert Szent-Györgyi, mtaalamu wa Hungaria. Swali lake la mwanzo lilikuwa dogo: kwa nini baadhi ya mimea hugeuka rangi ikikatwa na mingine haigeuki? Mwaka 1928 alitangaza kuwa amepata kitu cha jamii ya sukari kinachozuia mabadiliko hayo. Kwa kuwa hakukijua vizuri, alipendekeza jina lenye maana ya "sukari nisiyoijua". Mhariri alipolikataa, akapendekeza jingine lenye maana ya "Mungu ndiye ajuaye". Hilo nalo likakataliwa. Mwaka 1933 yeye na Haworth walikipa jina la asidi askobiki, yaani asidi ya kuondosha kiseyeye. Mwaka 1937 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sisi tungependa msomaji aone kwamba utani wa Szent-Györgyi ulikuwa na uadilifu wa kiistilahi. Alikataa kukiita kitu kwa kazi asiyoihakikisha. Jina lililokuja baadaye lilitaja kazi moja iliyothibitishwa kwa vizazi: huondosha kiseyeye. Halikusema huondosha sumu.

Sumu ya maabara

Sasa tufike kwenye sumu yenyewe. Mwaka 1921 Maurice Hall wa Marekani alipendekeza kaboni tetrakloridi iwe dawa ya minyoo ya safura. Ilitumika katika nchi mbalimbali, nayo iliwaua minyoo kweli. Lakini baadhi ya wagonjwa waliharibika ini, na wengine walikufa. Kwa miaka mingi sababu haikujulikana, maana kemikali hiyo yenyewe ni tulivu. Mwaka 1966 T. F. Slater alieleza njia yake: ini, katika juhudi ya kuishughulikia kemikali hiyo, huigeuza kuwa radikali huru, nayo radikali hiyo huanzisha mnyororo wa uoksidishaji katika utando wa seli. Kumbe sumu haikutoka nje ikiwa tayari. Ilitengenezwa ndani.

Njia ilikuwa imeandaliwa na wengine. Mwaka 1954 Rebeca Gerschman, mwanamke wa Argentina, pamoja na wenzake, alieleza kwamba sumu ya oksijeni nyingi na madhara ya mionzi hutokana na asili moja, yaani radikali huru. Mwaka 1956 Denham Harman alihusisha radikali hizo na uzee. Mwaka 1969 McCord na Fridovich walitambua kimeng'enya ndani ya mwili ambacho kazi yake ni kuiangamiza radikali moja ya oksijeni. Ikawa dhahiri kwamba mwili una ulinzi wake wenyewe. Mwaka 1985 Helmut Sies, Mjerumani, alihariri kitabu kilichoipa jina hali ya ulinzi huo kuzidiwa na vioksidishaji.

Tangu hapo kaboni tetrakloridi imekuwa sumu ya kawaida ya majaribio. Mtafiti huwapa panya dondoo la jani au gome kwa siku kadhaa, kisha huwapa sumu, kisha hupima ini. Panya waliotangulizwa jani wakionekana na ini lisiloharibika sana kuliko wengine, huandikwa kwamba mmea huo "unalinda ini". Neno hilo ni halali kwa panya hao, kwa kipimo hicho, na kwa mfuatano huo: jani kwanza, sumu baadaye. Taarifa inapofasiriwa kwa ajili ya gazeti, mfuatano hutoweka. Kulinda hugeuka kuponya, panya hugeuka kuwa mtu, na dondoo la maabara hugeuka kuwa bakuli la mchicha.

Tulinganishe na mambo yaliyothibitika kwa binadamu. Mtu akimeza parasetamoli kupita kiasi, ini huishiwa na glutathioni, ambayo ni mlinzi wake mkuu. Tangu miaka ya 1970 hospitali huwapa watu hao dawa iitwayo N-asetilisisteini, inayolirudishia ini akiba hiyo. Hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za mwanzo. Huu ni mfano wa kinga ya kweli dhidi ya uoksidishaji, lakini hutolewa na mganga kwa kipimo maalumu, wala si kwa chakula. Kwa upande mwingine kuna parakwati, dawa ya magugu iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Ikimezwa, huzalisha radikali za oksijeni mfululizo, hasa katika mapafu. Vitamini C na E zimejaribiwa, na hakuna iliyothibitika kuwa tiba. Hata oksijeni ya hospitali hutolewa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa yaweza kuzidisha madhara. Aliyemeza parakwati hana tumaini katika tunda lolote. Tumaini lake, hata likiwa dogo, ni kufikishwa hospitali mara moja.

Ahadi iliyovunjika

Katika miaka ya 1980 na 1990 iliaminiwa kwamba kama mboga na matunda huenda pamoja na afya njema, basi antioksidanti zilizomo zikitolewa kwa vidonge zitaleta faida hiyohiyo. Katika Finland wanaume 29,133 wavutao sigara walishiriki katika jaribio kubwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: waliopewa beta-karotini, rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Jaribio jingine la Marekani, lenye watu 18,314, lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996, kwa kuwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 28.

Hapana shaka mboga na matunda ni chakula bora, na makala haya hayakusudii kumwondolea mtu sukuma wiki sahanini. Lakini sababu za ubora huo ni nyingi kuliko tulivyodhani. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake walitenga sulforafani kutoka katika brokoli, mmea wa jamii ya kabichi. Kitu hicho hakimalizi radikali moja kwa moja. Huzichokoza seli kidogo, nazo seli huamka na kutengeneza vimeng'enya vyake vya ulinzi. Yaani faida yake yatokana na kuwa kichokozi kidogo, si mfagio wa kufagia sumu. Jina la "kiondoa sumu" hapa ni kinyume kabisa cha mambo yalivyo.

Mapendekezo

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika methali hiyo kinga si ulinzi, bali ni kijinga cha moto. Ni sadfa inayotufaa: neno moja lina maana ya kulinda na maana ya kuwasha. Vitu tunavyovizungumza vina tabia hiyohiyo. Kinachozima mnyororo mahali pamoja na kwa kipimo kimoja chaweza kuukoleza mahali pengine na kwa kipimo kingine. Kwa hiyo basi istilahi yetu isitaje wokovu. Itaje tendo.

Kwanza, tunapendekeza kwamba antioksidanti iitwe "kizuia uoksidishaji", kwa wingi "vizuia uoksidishaji". Jina hili ni refu kidogo, lakini husema kinachozuiwa na haliahidi zaidi ya hapo. Pale ambapo nafasi ni finyu, "antioksidanti" iliyokopwa yafaa kuliko "kiondoa sumu", kwa sababu ileile iliyoifanya "oksijeni" ifae.

Pili, "radikali huru" ibaki ilivyo, ikifafanuliwa mara ya kwanza inapotajwa.

Tatu, hali ya ulinzi wa mwili kuzidiwa isiitwe "msongo", maana msomaji atafikiri habari za msongo wa mawazo. Tunapendekeza "uzidifu wa uoksidishaji", kwa kuwa jambo lenyewe ni kimoja kuzidi kingine.

Nne, "kiondoa sumu" lisitupwe. Ni neno zuri lililokosa kazi yake halali. Liwekewe akiba kwa dawa inayotolewa kwa aliyekwisha kupata sumu, ili mtu akilisikia ajue kwamba linahusu hospitali.

Mwisho, tunawaomba wafasiri wasibadilishe "hulinda" kuwa "huponya", wala wasiache kutaja kwamba jaribio lilifanywa kwa panya. Lavoisier aliweka ahadi ndani ya jina, na baadhi ya lugha zimeibeba kwa zaidi ya miaka mia mbili. Kosa lake halikumdhuru mtu, maana hakuna anayekunywa tindikali kwa sababu ya etimolojia. Kosa letu sisi laweza kudhuru.